Mkono wa Maembe

Siku ya kwanza nilikosea kwa neno moja tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 32 wa Darasa la Tano na la Sita, mkononi nina mpira wa tenisi, mbele yetu chupa tatu za maji zilizojazwa mchanga. Nikawaambia, "Haya, mmoja mmoja, rusheni mwangushe zile chupa." Wakarusha. Wakarusha kama anavyorusha mtoto yeyote aliyekulia jirani na mwembe wa watu: kiwiko kimekunjwa, bega limevutwa nyuma, jicho moja limefumbwa, halafu pwaa! Ndani ya dakika kumi chupa zilikuwa zimelala mara nane, na kelele zilimfanya mwalimu mkuu atoe kichwa dirishani. Nami nikapiga makofi pamoja nao, kumbe nashangilia kitu ambacho kriketi inakikataza.

Kwa asiyeujua mchezo: anayepeleka mpira kwa mpigaji haruhusiwi kuutupa. Mkono unatoka chini, unapanda kwa nyuma, unapita juu ya kichwa na kuuachia mpira. Kanuni inasema mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko kisinyooshwe mpaka mpira utoke. Kama kilikuwa kimepinda, kibaki hivyohivyo. Kwenye mechi za kimataifa wanavumilia kiwiko kinyooke nyuzi 15 tu, na wana kamera za kupima. Mimi nilikuwa na macho yangu na filimbi.

Nieleze nilivyofika hapo. Nafundisha Maarifa ya Jamii katika shule ya msingi ya Dar es Salaam, huku pembezoni ambako daladala hugeuzia. Michezo nilipewa kwa sababu chuoni nilicheza netiboli, na kwenye kikao cha walimu nilichelewa kuinamisha kichwa. Mwaka huohuo likaja begi la vifaa vya kriketi: magongo mawili ya plastiki, wiketi za plastiki (vile vijiti vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji), mipira sita. Nikapelekwa semina ya siku mbili, nikarudi na daftari lililojaa michoro ya vidole na mishale. Kila kitu kilikuwemo, isipokuwa namna ya kumfundisha mtoto aliyepanga foleni na wenzake 31, jua la saa tisa linamchoma, akisubiri zamu inayokuja mara moja kila baada ya dakika sita.

Foleni ndiyo iliyonipeleka kwenye michezo midogo midogo, wala si falsafa yoyote. Mtoto wa foleni anamsukuma wa mbele yake, anachuma majani, anaulizana na mwenzake habari za jana, na zamu ikimfikia ameshasahau ulichomwambia. Nilihitaji kitu kitakachowashughulisha wote kwa wakati mmoja.

Lakini kwanza lile neno. Ukimwambia mtoto wa Kiswahili "rusha", mkono wake haukuulizi unamaanisha nini. Umerusha mawe kwenye maembe, umerusha kandambili kwenye paa, umerusha mpira kwenye rede. Unajua kazi yake. Nikalifuta neno hilo uwanjani, hata mimi nikijisahau wananikumbusha kwa kelele. Badala yake tukasema "kuzungusha".

"Pangaboi lina kiwiko?" nauliza.

"Halinaaa!"

"Basi na wewe huna. Mkono ukipita juu, upige sikio."

Walioniumiza kichwa ni wale hodari. Yule kijana ambaye akilenga embe bivu kwenye tawi la juu halikosi, ndiye aliyenichukua miezi miwili. Wasichana mabingwa wa rede vilevile, maana rede ni mchezo wa kumpiga mtu wa katikati kwa shabaha na haraka, na mkono wao ulikuwa umeshaivia huko. Wa kwanza kuelewa alikuwa binti mdogo wa Darasa la Tano, mtoto wa mama muuza machungwa pale kituoni, ambaye kwenye rede huwa hachaguliwi mpaka wabaki wawili. Hakuwa na mazoea ya kuvunja. Nilimwonyesha mara tatu, ya nne mkono ukapita juu kama mshale wa saa.

Hao wengine niliwajaribia manila. Nilikata karatasi ngumu, nikaizungushia kwenye kiwiko na kuifunga kwa mpira wa kufungia noti. Uwanja ukafanana na wodi ya mifupa. Watoto walifurahi kupita kiasi, wakaanza kuchechemea na kuomba barua za ruhusa. Ndani ya manila mkono ulinyooka vizuri. Manila ikivuliwa, embe linarudi palepale. Siku ya nne nikaacha.

Kilichofaa kilikuwa ukuta. Kati ya jengo la Darasa la Nne na stoo kuna kichochoro, upana wake mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa pande zote mbili. Nikawapanga wawili wawili wakitazamana, hatua kumi, kila mmoja kasogea ukutani upande wa mkono wake wa kulia. Kwa kuwa wanatazamana, mmoja yuko ukuta wa huku na mwenzake ukuta wa kule. Mpira udunde mara moja katikati, mwenzako adake, arudishe. Jozi itakayodaka mara nyingi bila kuangusha ndani ya dakika mbili inatoka ya kwanza kwenda kunywa maji. Basi. Sikutaja kiwiko hata mara moja. Anayekunja mkono kiwiko kinatoka pembeni na kugonga ukuta, na ukuta hauna huruma ya mwalimu. Anayezungusha, mkono unapita wima na haugusi kitu. Baada ya wiki mbili za kichochoro nilikuwa na mikono 20 na ushee inayopita karibu na sikio.

(Kulikuwa na kijana wa mashoto aliyekuwa ananuna kila tukienda kichochoroni. Nilichukua wiki nzima kutambua kwamba nilikuwa nimemweka ukuta usio wake.)

Maneno "huu si mchezo wa Wahindi, Mwalimu?" niliyasikia kwa watoto, kwa wazazi, na kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anautaka muda ule kwa ajili ya masomo ya ziada. Sikushangaa. Hapa mjini, kwa miaka mingi, ukitaka kuona kriketi ulikwenda Upanga au Gymkhana. Sikuwajibu kwa hotuba. Niliwasimulia habari za Frank Nsubuga wa Uganda, ambaye Juni 2024, akiwa na miaka 43, alicheza Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita) dhidi ya Papua New Guinea kule Guyana. Alipeleka mipira yake yote 24, wakamwokotea mikimbio minne tu, ndizo alama za kriketi, na akaondoa wapigaji wawili. Watoto hawakuuliza ni mchezo wa nani tena. Waliuliza: alifanyaje?

Swali hilo lilinipa kazi ya mwaka mzima. Nsubuga si mtu wa kasi. Alikuwa anauweka mpira palepale, mara kwa mara, mpaka mpigaji akachoka kungoja.

Nikarudi kwenye chupa, safari hii na kanuni: mpira lazima udunde mara moja kabla ya kufika. Tulikuwa tumepata pichi yetu, sakafu ya simenti iliyobaki baada ya vyumba viwili vya zamani kubomolewa, mita 15 hivi. Pichi ya wakubwa ni mita 20.12 kutoka wiketi hadi wiketi, lakini kwa mikono ya miaka 11 urefu huo unamlazimisha mtoto autupe mpira juu ili ufike, na hapo unarudi mwembeni.

Watoto ni mawakili. Ukiwapa kanuni wanatafuta mlango wa nyuma kabla hujamaliza sentensi. Bingwa wa chupa wa wiki ile alikuwa kijana mfupi, mchangamfu, aliyegundua kwamba mpira ukipelekwa juu sana na taratibu, kama wa kikapu, unashuka, unadunda kidogo na kudondokea chupani. Aliangusha chupa tisa. Wenzake wakaiga. Kufikia Ijumaa nilikuwa na darasa zima linalopeleka mipira ambayo mpigaji yeyote mwenye gongo angeipeleka barabarani, na kila mmoja anajiona fundi. Kosa lao lilikuwa wapi? Walifanya kile hasa nilichokilipa alama.

Kwa hiyo nikafunga kamba ya kuanikia nguo katikati ya pichi, usawa wa bega langu. Mpira upite chini ya kamba. Yule bingwa aliitazama kamba, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, umenionea." Ni kweli. Lakini siku ile ile mpira wake ulianza kwenda kama mpira.

Baada ya kamba nikaweka alama ya mahali pa kudunda. Hapa ndipo penye utamu wote wa kazi hii. Mpira ukidunda karibu mno na miguu ya mpigaji, anausogelea na kuupiga kabla haujafanya lolote. Ukidunda mbali naye, unainuka, unampa muda, anarudi nyuma na kuuchapa. Katikati hapo kuna eneo dogo ambapo hajui aende mbele au arudi nyuma, mguu mmoja unasema twende na mwingine unasema tubaki. Kwa pichi yetu niliona eneo hilo linaanzia kama hatua zangu nne kutoka kwenye wiketi. Kwanza nilitandika gunia. Mpira ukiangukia gunia unakufa palepale, haudundi. Somo likaishia hapo. Nikachora boksi kwa chaki.

Mchezo wenyewe hawakuutoa kwangu. Nilikuwa nimepanga "shindano la shabaha", jina la kuchosha kama lilivyo. Watoto wakaligeuza Daladala. Kila timu ilichora Haisi yake pembeni kwa chaki, viti 12. Ukidundisha ndani ya boksi na chini ya kamba, abiria kapanda: unaweka kijiwe kwenye kiti. Ukitoa waidi, yaani mpira wa pembeni ambao mpigaji asingeufikia, abiria kashuka, kijiwe kinatolewa. Timu inayojaza viti vyote inaondoka. Kulikuwa na suka, kulikuwa na konda anayening'inia mlangoni pasipo na mlango akipiga kelele "Posta, Posta, wawili wa mwisho!" Kila mtoto alikuwa na kazi. Anayepeleka mpira, anayedaka, anayekimbilia mipira iliyopotea, konda, anayesimama kama mwamuzi. Foleni ilikufa siku ile na sikuizika.

Wiki ya kwanza nilijiona nimefika. Wiki ya pili nikaona kitu kimeharibika, na sikukitambua mara moja. Mipira ilikuwa inaingia kwenye boksi, viti vinajaa, lakini mikono imekuwa mifupi. Walikuwa wanausukuma mpira kwa tahadhari, kama mtu anayempa mgeni kikombe cha chai kilichojaa pomoni. Mwendo wa kukimbilia umepungua hadi hatua mbili. Nikakaa pembeni nikasikiliza badala ya kutazama. "Umetushushia abiria!" "Wewe tena?" Kijana mmoja mwembamba, waidi yake ya tatu, aliondoka uwanjani akaenda kukaa nyuma ya choo. Nilimkuta anachora chini kwa kijiti. Akaniambia yeye atakuwa konda tu, siku zote.

Adhabu ya waidi ndiyo iliyokata mikono yao. Mtoto anayejifunza mzunguko mpya akiadhibiwa kwa kila mpira unaopotea, ataufupisha mzunguko mpaka usiweze kupotea. Anapata shabaha ya uongo, ya mpira usio na nguvu, na baadaye kumwongezea kasi ni kazi ngumu kuliko kumpunguzia waidi. Wapo wanaofundisha kinyume, shabaha kwanza, na sitagombana nao. Mimi niliyoyaona niliyaona.

Tukaifuta adhabu. Waidi ikawa mpira uliopotea tu, unarudia. Nikaongeza malipo: kwa nyuma ya wiketi kulikuwa na ukuta uliobaki wa lile jengo, na mpira ukidunda, ukagonga ukuta na kurudi mpaka kwenye wiketi, wanapanda abiria wawili. Kurudi huko hakuwezekani bila kasi. Kwa wiki mbili mipira ilikwenda kila mahali, mingi kwenye shamba la mihogo la jirani, mzee wa watu akawa anatukusanyia kwenye ndoo na kutuletea jioni na maneno machache. Halafu taratibu ikaanza kurudi kwenye boksi, yenyewe, ikiwa na nguvu. Yule mwembamba alirudi. Alianza kukimbia kutoka mbali, hatua 11, alizihesabu kwa sauti.

Kulikuwa pia na kijana mrefu wa Darasa la Sita, miaka 13, ambaye wenzake walimwita Feni. Huyo ukuta ulikuwa unamrudishia mpira mpaka kwake mwenyewe. Nitamrudia.

Binti wa machungwa hakuwa na kasi na hakuitafuta. Ukuta wa abiria wawili haukumfaa chochote, akawa anabaki nyuma kwenye mchezo aliokuwa wa kwanza kuuelewa. Jambo hilo lilinisumbua, maana kila nikibadilisha malipo kuna mtoto anayeinuka na mwingine anayezama. Kwenye daftari langu la semina kulikuwa na kurasa mbili za mipira ya kuzungusha. Mpira unauachia kama unavyofungua kitasa cha mlango: ukikizungusha kuelekea kulia, ukidunda unakwenda upande mmoja, ukikizungusha kwa kifundo kuelekea kushoto, unakwenda upande wa pili. Nikamwonyesha mara moja, nikaitwa ofisini.

Wiki iliyofuata nilipita kituoni kununua machungwa. Binti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza ya mama yake, chungwa mkononi, analirusha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto huku analizungusha kwa vidole, vrrr, vrrr, analidaka, anarudisha. Ganda la kijani likawa linang'aa kwa jasho. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, shikamoo yako sitaki, nataka machungwa yangu. Huyu mtoto ananichubulia biashara." Nikayanunua yale aliyoyachubua, yote manane.

Uwanjani mpira wake wa kwanza ulidunda nje ya boksi na kukata ndani kiasi cha shubiri, ukapita kati ya gongo na mguu wa mpigaji. Hakuna aliyeshangilia kwa sababu hakuna aliyeelewa kilichotokea. Mpigaji alitazama chini kama mtu aliyeangusha funguo.

Kwa ajili yake na wenzake nikaanzisha mchezo wa Siri. Kabla ya kila mpira, mwenye mpira anakwenda kumnong'oneza mdakaji aliye nyuma ya wiketi atafanya nini: "unaingia ndani", "taratibu", "miguuni". Ukitokea kama alivyosema, timu inapata alama moja, hata kama mpigaji kaupiga. Ukitokea na mpigaji akaukosa, alama tatu. Mara ya kwanza nusu yao hawakuwa na la kunong'ona. Walikwenda kwa mdakaji, wakasimama, wakacheka, wakarudi. Kumbe miezi yote ile walikuwa wanapeleka mpira bila kujua wanautuma ufanye nini. Waliojifunza haraka zaidi ni wadakaji. Walianza kushauri: "Huyu anarudi nyuma sana, mpe wa miguuni." Nilisimama pembeni nikijisikia sina kazi, na sikulalamika.

Wasichana ndio walioutawala Siri. Niliwasimulia habari za Henriette Ishimwe wa Rwanda, ambaye Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 kule Afrika Kusini, aliondoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Binti wa machungwa aliuliza kama Ishimwe alikuwa mrefu. Nikamwambia sijui. Hakuridhika.

Sasa Feni. Habari hii nimeichelewesha kwa sababu sipendi kuisimulia.

Tulikuwa tumepata mechi ya kirafiki na shule ya kata jirani, Jumamosi. Wiki nzima kabla yake tulicheza Daladala kila siku, na timu yoyote iliyompata Feni ilimpa mpira kila ilipowezekana, maana ukuta wa abiria wawili ulikuwa wake. Nami nilikuwa nafurahi kumtazama. Miguu yake ilikuwa inatua ikimwelekea mpigaji, lakini mabega yalikuwa yamegeuka upande, mgongo unajipinda katikati kama nguo inayokamuliwa. Niliona. Nilifikiri ndiyo siri ya kasi yake, nisimharibie. Siku ya mechi nilimpa ova baada ya ova. Mpigaji wao mmoja alikuwa anatusumbua, nikamrudisha tena Feni. Tulishinda. Jumatatu hakuja shule. Jumanne alikuja akitembea kama mzee, mkono kiunoni, upande wa kushoto wa mgongo chini. Yeye anatumia mkono wa kulia. Daktari alimpumzisha miezi mitatu: asikimbie, asipeleke mpira, asibebe ndoo.

Baba yake hakunigombeza. Alikuja shuleni, akakaa, akauliza, "Mwalimu, siku ile alirusha mara ngapi?" Nikafungua kinywa nikakuta sina jibu. Nilijua abiria wangapi walipanda kila timu. Nilijua nani alishinda Siri mwezi mzima. Mipira ya mtoto wake sikuwahi kuihesabu, siku ya mechi wala siku tano za kabla yake.

Baadaye nilisoma kwamba Uingereza wana kiwango kwa vijana wa kasi: wa miaka 13 na chini, si zaidi ya ova tano kwa mkupuo na 10 kwa siku nzima, yaani mipira 60. Nilikaa na karatasi nikajaribu kukumbuka ile Jumamosi. Nilifika ova 12 nikaacha. Nilisoma pia kuhusu miguu inayotazama mbele na mabega yanayotazama pembeni, na kwamba mgongo unaojikamua hivyo ndio unaopata nyufa, mara nyingi upande ulio kinyume cha mkono unaotumika. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu na kuliita siri.

Na michezo ilinificha. Angekuwa kwenye foleni angepeleka mipira kumi na kuchoka kwa uvivu. Mtoto anayecheza hasemi amechoka. Anasema "mara ya mwisho, Mwalimu", na mara ya mwisho ina watoto wengi. Malipo ya ukuta niliyaweka mimi, na yeye alikuwa anayachuma tu.

Tulibadilisha Daladala tena. Kila mtoto anaanza na vijiwe 24 mfukoni, ndiyo nauli yake ya siku. Kila mpira, kijiwe kimoja kinahama kwenda mfuko wa pili. Vikiisha umeshuka kituo chako, unakuwa konda au mdakaji, hata kama timu inakuhitaji kufa. Wale wa kasi nikawapa 18. Walinung'unika sana kwa siku mbili. Halafu wakaanza kufanya jambo ambalo sikulitarajia: kutunza. "Nabakisha vinne vya mwisho." Kwenye Siri walianza kunong'ona muda mrefu zaidi.

Feni alirudi muhula uliofuata. Tulianza upya, bila kukimbia, amesimama kwenye mstari wa chaki, kifua na nyonga vinatazama upande mmoja. Kichochoroni tena, na watoto wa Darasa la Tano, anawapita kwa kichwa kizima. Kasi yake haikurudi yote, na mimi sikuiulizia. Ova mbili kwa siku, mbali na hapo hapana.

Mwezi Mei, viwanja vilipokuwa vimetwaliwa na soka na netiboli za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ile shule jirani ilikuja kwetu kucheza pembeni, kwenye simenti yetu. Binti wa machungwa aliondoa watatu. Ova ya mwisho wao walihitaji mikimbio sita, na nahodha wetu, ambaye ni yule mwembamba wa nyuma ya choo, akampa mpira Feni. Mipira mitano wakapata mikimbio minne. Watoto wetu wote walikuwa wanapiga kelele, na wao wote wanapiga kelele, na mzee wa mihogo kaja na kiti chake.

Mpira wa sita ukatoka waidi. Mkimbio mmoja kwao wa bure, na mpira unarudiwa. Nikamwona nahodha anamkimbilia Feni na kumrudishia mpira, na Feni anatikisa kichwa. Aliingiza mkono mfukoni, akaugeuza mfuko nje. Mtupu. Siku ile nilikuwa nimempa vijiwe 12, na wakati wa kupasha mwili asubuhi alikuwa ametumia sita.

"Mmoja tu, Mwalimu," nahodha akaniita kutoka katikati.

Feni alishakaa chini pembeni ya pichi, anafungua kamba za viatu.

Nikamwambia mwamuzi mrushaji wetu hawezi kuendelea, mpira wa mwisho ataumalizia mwingine. Binti wa machungwa alikuwa ameuchukua tayari, anausugua kwenye sketi, anakwenda kumnong'oneza mdakaji.